Ratuni ya Samaki

Mimi nauza samaki sokoni Malava, upande wa chini karibu na wauza mitumba, na ndugu yangu Makhanu anafuga samaki kwetu kijijini, huku huku Kabras. Mtu asiyetujua akisikia hivyo husema, ehe, hawa wamejipanga, mmoja afuge na mwingine auze. Wamejipanga wapi? Miaka nenda miaka rudi meza yangu imejaa samaki wa katoni, waliotoka ng'ambo wakiwa wamegandishwa wakawa kama mawe, na samaki wa ndugu yangu wa tumbo moja wananifia mkononi bila mnunuzi. Ukitaka kujua sababu, itabidi nikueleze Makhanu ni mtu wa namna gani. Nikipandisha sauti katikati ya maelezo, nivumilie.

Ni mdogo wangu aliyenifuata ziwa. Si mlevi, si mvivu, kanisani hakosi, na kukiwa na matanga popote kijijini yeye hufika mapema kuliko wenye maiti, akaanza kupasua kuni bila kuombwa. Ukimtafutia kosa utachoka. Ila analo moja, na hilo moja linatosha kabila zima: akishaamini jambo, amelimeza. Hata ulimwengu ukipinduka miguu juu, yeye atabaki pale pale alipokuwa, akikutazama kwa huruma, kana kwamba aliyepotea ni wewe. Mama yetu alichoka naye mapema, akaniachia mimi.

Sisi tumelelewa na miwa. Kwa asiyeijua, miwa ya mara ya kwanza huwa si ya mkulima. Umelimiwa kwa mkopo, mbegu ya mkopo, mbolea ya mkopo, wakataji na trekta la kusomba pia ni juu yako, na siku ya malipo kila mmoja anachukua chake kwanza. Baba alikuwa akirudi kutoka kwenye malipo hayo bila kusalimia mtu, anapita moja kwa moja hadi kitandani. Lakini miwa ikishakatwa, visiki hubaki ardhini, na mvua ikinyesha vinachipuka vyenyewe. Hiyo ndiyo huitwa ratuni. Hulimi tena, hununui mbegu, kazi yako ni kupalilia na kungoja. Ratuni ilitununulia viatu. Ratuni ilitoa nyasi juu ya nyumba yetu ikaweka mabati. Makhanu alikuwa mtoto wa kumtazama sana baba, na baba alikuwa akicheka wakati wa ratuni tu. Nafikiri hapo ndipo kitu kilimwingia kichwani kikakataa kutoka.

Alipokua alirithi shamba na akalima miwa kama baba, akaoa Gentrix, mwanamke wa kazi ambaye sijui alikosea wapi mpaka akapewa huyu. Miwa nayo ikaanza vituko vyake. Mara kiwanda kimefungwa, mara kimefunguliwa lakini hakuna wa kukata, miwa inazeeka shambani mpaka inachanua maua. Ndipo serikali ikaja na mradi wa vidimbwi vya samaki. Miaka ile karibu kila boma lenye unyevu lilichimbwa shimo. Makhanu alikuwa na kipande kizuri kule chini karibu na mto, akachimbiwa kidimbwi, akapewa vifaranga vya samaki na chakula cha kuanzia, vyote bure.

Yale mavuno ya kwanza nitayasema kwa haki, maana sipendi kumwonea mtu. Samaki walitoka wakubwa, mmoja anajaza sahani. Kijiji kizima kilishuka mtoni kutazama, na sisi ni watu wa ingokho, mgeni asipochinjiwa kuku hujiona ametukanwa, lakini siku hiyo hata wazee walibeba samaki wakaenda nao nyumbani. Waliobaki niliwapeleka mezani kwangu na kabla ya saa sita meza ilikuwa tupu. Nilijivunia ndugu yangu mpaka nikawa kero kwa wauzaji wenzangu.

Nilirudi jioni kumpa habari, nikamkuta anarudisha vidogo majini, kimoja kimoja, kwa mikono miwili.

"Hao unawarudisha wa nini?" nikamuuliza.

"Hii ni ratuni," akasema. "Kubwa tumekata. Hii itachipuka yenyewe."

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Samaki, ndugu msomaji, hawana visiki. Wale wa vidimbwini, ukiwaacha dume na jike pamoja, huzaa kabla hata hawajanona. Wanazaa, watoto wanazaa, wajukuu wanazaa, na maji ni yale yale na chakula ni kile kile. Basi wote wanadumaa. Unavua samaki wa urefu wa kidole ukidhani ni mtoto, kumbe ni bibi mwenye vitukuu. Mavuno ya pili ya Makhanu yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, ya tatu yakawa madogo kuliko ya pili, na kila mara yeye anaokota vidogo zaidi na kuvirudisha majini kwa heshima zote. Nilimweleza mimi, akaelezwa na watu wa kilimo waliokuwa wakipita wakati ule, akaelezwa na jirani ambaye hata samaki hajawahi kuonja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wenzake walikwisha kuacha zamani. Chakula cha bure kilipokwisha, waligundua kwamba samaki anakula kama mtu, na kwamba chakula chake kina tabia mbaya: mahindi na omena vikipanda bei nacho kinapanda, vikishuka bei chenyewe kinasahau kushuka. Vidimbwi vikageuka nyumba za vyura. Wengine wakapanda nduma humo ndani, na nduma zikawalipa kuliko samaki. Makhanu peke yake ndiye aliyebaki, akisema wenzake hawana subira.

Mimi sokoni niliona upande wa pili wa mambo. Watu hawakuacha kula samaki, la, walizidi. Siku hizi hata huku kwetu kijana akiwa na mchumba anampeleka kula samaki. Lakini samaki waliokuwa wanaliwa hawakuwa wa Kabras. Kwanza zilikuja katoni za ng'ambo, kisha magari yakaanza kuleta wale wanaofugwa ziwani kwenye vizimba, wote wa saizi moja, kama waliopimwa na fundi cherehani. Mteja wangu mkubwa ni Sellah, mwenye hoteli pale stendi. Sellah hana maneno mengi. Anataka samaki mmoja kwa sahani moja, na sahani zote zifanane, ili wateja wawili wakikaa meza moja wasianze kupimana kwa macho.

Makhanu alikuwa akija na ndoo yake, anaiweka chini, halafu anasimama mbele ya meza yangu akiangalia zile katoni.

"Wewe ndiyo unaniua," ananiambia. "Dada yangu mwenyewe. Unauza samaki ya kutoka mbali na ya ndugu yako inaoza."

"Nikuulize. Huyu wa katoni na huyu wako, wewe ungenunua gani?"

"Yangu iko tamu."

"Utamu wake utamfikia nani kabla ya miiba kumkwama kooni?"

"Wewe unapendanga tu kelele, Nasambu."

Anabeba ndoo yake anaondoka. Nami nabaki nimekasirika siku nzima, nakata samaki kwa nguvu mpaka wateja wananiuliza kama kuna aliyefiwa.

Sitamdanganya mtu kwamba katoni hazikumuumiza. Zimewaumiza wengi, hata wale wanaofuga vizuri. Lakini mtu anayefuga vizuri hulalamika akiwa ameshika samaki wa kuonyesha. Makhanu alilalamika akiwa ameshika kidagaa.

Sasa nije kwenye lililotuleta. Mwaka juzi miwa iligeuka tena. Viwanda vilianza kugombania miwa, bei ikapanda, na wale waliong'oa miwa wakapanda mahindi wakaanza kujipiga vifua. Hapo ndipo walipotokea watu wa kukodisha mashamba. Huyu wa kwetu anaitwa Simiyu, kijana mwenye trekta mbili na viatu visivyoshika tope. Alipita boma kwa boma akitafuta ardhi ya kukodi, na alipokiona kipande cha Makhanu kule chini, chenye udongo mweusi, macho yalimtoka. Alitaka chote, pamoja na mahali pa kidimbwi. Angekifukia mwenyewe kwa gharama yake.

Gentrix alitaka wakubali, na sikumlaumu hata kidogo. Mwenye kidimbwi kwa jina alikuwa Makhanu, lakini aliyekuwa akibeba samadi, kuchekecha pumba na kushuka mtoni asubuhi kuwalisha hao mabibi na vitukuu vyao alikuwa yeye. Aliniita nyumbani kwao kama senge wa watoto, kwa maana kwetu shangazi akikanyaga boma la kaka yake, neno lake lina uzito. Alipika obusuma, ugali wetu, na mboga za kienyeji, tukala, halafu akaweka sahani chini.

"Mulamwa," akaniita, yaani wifi yake, "mimi nimechoka kupikia samaki. Watoto yangu nimelea wakaisha wakaenda. Hawa samaki hawaishi na hawakui. Ongea na ndugu yako, hiyo shamba ipewe Simiyu."

Makhanu aliangalia mlango. "Hiyo kidimbwi ndiyo kitu peke yake kwa hii boma yenye si ya kiwanda," akasema. "Ikienda, mimi nitakuwa nafanya nini? Nitakaa nikihesabu trekta ya Simiyu ikipita?"

Alilisema kwa sauti ndogo, na nikaona kwamba kwake hilo si jambo la samaki tu. Miaka yake yote alikuwa amelima kwa ratiba ya watu wengine: wakisema panda, anapanda, wakisema ngoja, anangoja. Kidimbwini alijiamulia mwenyewe, hata kama aliamua upuuzi. Kikifukiwa, atakuwa mzee wa kukaa kibarazani mpaka siku ya kuzikwa, na nimewaona wanaume wa aina hiyo, hawadumu. Kwa hiyo badala ya kumuunga mkono Gentrix moja kwa moja, nikafanya ujinga wangu. Nikawapatanisha.

Nikasema Simiyu aambiwe angoje mavuno mamoja. Kidimbwi kikaushwe kabisa, matope yatolewe, chokaa imwagwe, jua lipige. Samaki wote wa zamani watolewe, asibaki hata mmoja. Halafu tuweke vifaranga vipya vya madume matupu, wasioweza kuzaliana, wapewe chakula cha kueleweka. Wakivunwa wataletwa mezani kwangu siku ya soko, wapangwe kando ya wale wa katoni. Sellah akiwachukua, kidimbwi kinabaki. Akiwakataa, Simiyu alete karatasi. Gentrix akakubali. Makhanu hakuwa na shida na lolote ila madume.

"Mtu ananunuaje madume peke yake?" akauliza. "Ng'ombe ya maskini haizai, na ikizaa inazaa dume. Si ndiyo watu husema wakilia? Sasa wewe unataka nilipie hiyo kilio?"

"Unafuga ng'ombe au samaki?"

"Kitu haizai, hiyo ni mifugo gani? Ukikula imeisha."

"Ndiyo maana inaitwa mavuno."

Alikataa kwenda kuwatafuta. Nikaenda mwenyewe mpaka Mautuma, kwa mama mmoja anayeitwa Chepng'etich, ambaye amezungushia vidimbwi vyake uzio kama wa ng'ombe wa gredi na anazalisha vifaranga mpaka watu wa Webuye wanamfuata. Nikarudi nimewapakata vifaranga mapajani wakiwa kwenye mfuko wa maji, nikiomba Mungu mfuko usipasuke. Tayari kidimbwi kilikuwa kimekaushwa hadi kupasuka nyufa, kisha kikajazwa maji mapya, na Makhanu alikuwa amekifanyia kazi kwelikweli. Kingo zilikuwa zimenyooka, matope yote nje. Tukawamwaga vifaranga, na nilirudi Malava nikiimba.

Ilipita miezi. Gentrix alikuwa akiniambia kwamba samaki wanakula vizuri, hata kupita kiasi. "Hii chakula inaishanga haraka," alisema, na mimi nikamjibu kwamba anayekula ndiye anayekua. Nilianza hata kumdokezea Sellah kwamba namwandalia kitu cha nyumbani. Sellah akasema ataona.

Siku ya kuvua nilifunga meza yangu nikashuka mtoni asubuhi. Makhanu na jirani waliingia majini na wavu, wakauburuta polepole kutoka upande wa chini. Maji yalipoanza kuchemka kwa samaki, Gentrix alishika mkono wangu. Nami niliona mgongo mmoja mpana, mwingine mpana, nikaanza kutabasamu. Kisha wavu ukapanda juu.

Vilikuwa vingi kuliko kokoto. Vidogo, vyeusi, vya urefu wa kidole, vimejaa kila tundu la wavu, na katikati yao wale wakubwa wanaelea, wamekonda, nusu ya walivyotakiwa kuwa. Madume hayazai. Mama Chepng'etich alikuwa ameniapia, na hata angekosea kidogo, haingewezekana kuwa hivi. Nikamgeukia Makhanu. Alikuwa amesimama mpaka kiunoni majini, akiutazama wavu, hanitazami mimi.

"Makhanu. Hawa wametoka wapi?"

Akaanza kuchomoa vidogo kwenye matundu ya wavu.

"Nimekuuliza."

"Nilibakisha kidogo tu," akasema.

Alikuwa amebakisha. Tulipokausha kidimbwi, alijaza pipa la plastiki kwa wale mabibi wake, akalificha nyuma ya migomba, akawa anawabadilishia maji hadi kidimbwi kilipojazwa, kisha akawarudisha nyumbani. Ukiwauliza wakulima wote wa miwa wa Kabras watamtetea, kwa sababu hakuna mkulima wa miwa anayesafisha shamba lote bila kutenga sehemu ya mbegu. Mtu anayefanya hivyo anaitwa mpumbavu. Kwa hiyo ndugu yangu, ili asionekane mpumbavu, akafanya upumbavu.

Gentrix aliachia mkono wangu, akapanda kwenda nyumbani. Nilimwambia Makhanu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mchungaji wetu anajua kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, akiwa bado majini:

"Nasambu, miwa ya kwanza ni ya mkopo. Kila mtu anakuja na panga yake anakata kipande chake. Ratuni ndiyo ya mwenye shamba. Mimi nilitaka tu nifike kwa ratuni."

Nikavuta ndoo nikaanza kuwatenga wale wakubwa, nikiwatupa ndani kwa hasira.

Ahadi ni ahadi. Siku ya soko nikawapanga wale wakubwa kando ya katoni, nikawachagua, nikawamwagia maji wang'ae. Sellah alikuja, akainama, akamgeuza mmoja, akamgeuza mwingine.

"Huyu anaweza," akasema. "Lakini wenzake je? Nikiweka huyu kwa mteja mmoja na yule kwa mwingine, watapigana kwa hoteli yangu." Akachukua wa katoni kama kawaida yake. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.

Simiyu alifika nyumbani kwa Makhanu akiwa na karatasi zake, na mimi nikaitwa kuwa shahidi. Gentrix alikuwa amepangusa meza. Nilikaa nikiwa na uchungu na ndugu yangu, na uchungu kwa ajili yake, vyote viwili vimechanganyika mpaka sikuweza kunywa chai. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kana kwamba anazika mtu. Simiyu akasoma kwa adabu: atafukia kidimbwi, atalima, atapanda, atatunza, na mkataba utakwisha miwa itakapokwisha. Akamsogezea kalamu.

Makhanu aliishika kalamu, akaitazama.

"Miwa itakwisha lini?" akauliza.

"Tukikata ya kwanza, mzee, tunaacha inachipuka. Tunakata tena, tunaacha tena. Mpaka visiki zife."

"Hizo za kuchipuka ni za nani?"

"Ni zangu, mzee. Nimekodi na ratuni. Watu wote wanakodishanga hivyo."

Makhanu aliiweka kalamu juu ya meza, akaisukuma taratibu mpaka ikafika kwa Simiyu.

"Basi chukua chai kijana," akasema. "Shamba sikodishi."

Hapo ndipo nilipotaka kuvua kiatu nimpige nacho. Nilikuwa nimemhubiria mtu huyu kwa miaka, nimesafiri Mautuma na mfuko mapajani, nimejiaibisha mbele ya Sellah, yote ili aone thamani ya kidimbwi chake. Na sasa anakiokoa, si kwa sababu ya neno langu hata moja, bali kwa sababu hakuweza kuvumilia mwanamume mwingine ale ratuni kwenye shamba la baba yake. Simiyu alikunywa chai yake haraka akaondoka. Gentrix alibaki ameshika kitambaa cha meza.

"Wewe," akamwambia mumewe, "nikisikia tena neno ratuni kwa hii nyumba, ya miwa au ya samaki au ya kuku, mimi narudi kwetu. Huyu dada yako atakuja kukupikia."

"Mimi sitakuja," nikasema.

Nilidhani mambo yameishia hapo na kwamba mabibi wataendelea kuzaana hadi Yesu arudi. Lakini wiki hiyo hiyo Gentrix alinipigia simu nikashuke. Nilimkuta Makhanu amefungua bomba la kidimbwi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Maji yalikuwa yameisha, limebaki tope, na katika tope vidogo vinarukaruka. Alikuwa ndani na beseni, ameinama, anaokota. Nilisimama ukingoni nikitazama nyuma ya migomba. Hapakuwa na pipa. Gentrix alikuwa ameligeuza limekuwa la maji ya kuku.

Nikavua viatu nikaingia. Tuliokota watatu, mimi na Gentrix na yeye, tukipapasa tope kwa vidole, maana vile vidogo hujua kujificha. Gentrix alikuwa akimfuata nyuma akipapasa mahali alipopapasa yeye, kuhakikisha. Makhanu hakukasirika. Jua lilipokuwa kali, hapakuwa na kitu chochote kinachotembea kwenye lile tope, na beseni zilijaa hadi juu. Makhanu alipanda ukingoni akakaa, miguu inaning'inia, tope limempanda hadi mapajani.

"Ile ya kununua," akasema, "inatokanga Mautuma?"

"Mautuma. Kwa mama Chepng'etich. Safari hii utaenda mwenyewe."

"Nitaenda." Akajipangusa uso kwa mkono, akajipaka tope zaidi. "Na hiyo nikishavua, nanunua ingine?"

"Unanunua wengine."

"Na hiyo ingine ikiisha?"

"Unanunua tena, Makhanu. Kila mara. Vifaranga vipya, chakula kipya, kwa bei watakayokwambia siku hiyo. Ndivyo wanavyofanya wote wanaobaki kwenye kazi hii."

Gentrix alikuwa ameacha kuosha miguu, anamsikiliza.

"Kwa hivyo hakuna ile siku," akasema Makhanu. "Ile siku shamba inaniambia, wewe sasa umefanya ya kutosha, kaa, wacha mimi."

Tangu tukiwa watoto nimemgombeza huyu mtu, na siku hiyo nilikuwa na sababu zote, nilikuwa nimezipanga tangu Malava. Nilimtazama, mvi kichwani, vidole vimekunjamana kwa maji, na nikamhurumia mpaka hasira zote zikaniisha.

"Hakuna," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono nimvute asimame, kisha akashuka tena kidimbwini na jembe, akaanza kutoa matope.